Zamu ya ba-Mbusa kumi na moja

Siku ya kwanza ya juma, 6 Januari

Shirika ya malori imekamata programu ya Abigaëlle! Malori makumi tatu na sita, depo ya Bel-Air na depo ya Ruashi hapa Lubumbashi, njia ya Pweto mupaka Kalemie, yote itafuata ile kintu mutoto wangu aliandika mu chumba yake, akikalia kiti ya plastiki yenye mugulu moja ya kufunga na kamba. Sasa njo nakusalimia, kaye yangu ya kuandikia: jambo. Nilikununua leo asubuhi ju mambo kama hii haifai kubaki mu kichwa ya muntu moja.

Kama kuko muntu atasoma hapa siku ingine, ajue nani anasema. Mimi ni Albertine, Mama Abigaëlle, muke wa Mbusa, mwenye kuuzisha simenti na maharagi kwa jumla. Tulitoka Butembo miaka makumi mbili na ine imepita, Abigaëlle alikuwa bado mu tumbo. Masomo yangu ilisimama ku kalasi ya sita ya primeri. Yake ilienda mupaka iniversite, informatike, na siku ya kutangaza alama mwalimu alisoma yake mara mbili, ju bantu ba nyuma hawakusikia. Ni mimi nilisema hatukusikia.

Mbele, mwenye mizigo alikuwa anaenda kwa Muzee Alphonse, mukubwa wa shirika, anaandikwa mu kaye yake kubwa, kiisha anangojea. Sasa anafungua telefone, anachagua lori na siku, anapewa zamu. Njo jina ya programu: Zamu. Abigaëlle aliona ni jina muzuri. Lakini hapa Lubumbashi zamu njo ule muntu anachungaka mulango na tochi, basi bantu bameisha kuanza kucheka.

Kazi yangu ni kujibu. Muntu akilalamika, ao akiomba programu iongezwe kintu, anakutana na mimi. Abigaëlle alisema, «Mama, mimi nikitukanwa narudisha. We uko na uvumilivu, umekaa na papa miaka makumi mbili na tano.» Alinipa telefone na maneno ya kutuma: Asante kwa ujumbe wako. Ombi yako tumeipokea, tunaiangalia.

Muzee Alphonse alisema ni ya kujaribu mupaka Pasaka. Bantu bakichoka nayo, kaye yake inarudi, na Abigaëlle anasema ataenda kutafuta kazi Kinshasa. Kinshasa, kule hatuna hata jamaa moja. Lakini itashindwa namna gani, kintu ya Abigaëlle?

Siku ya pili, 7 Januari

Nilijibu bantu bane. Wa kwanza alikuwa anapima tu kama kuko muntu. Kuko.

Siku ya tano, 10 Januari

Mama Chomba anauzisha samaki ya kukausha kule Pweto. Haandikake, anatumaka sauti, na ile sauti inajaza nyumba yote mupaka jirani anauliza tunagombana na nani. Anataka programu imwambie mbele kama lori itakwama mu matope. Nilimutumia: asante, ombi yako tumeipokea. Alirudisha hapo hapo: «Mama, usinipokee. Niambie matope iko wapi.»

Mwanaume mumoja anataka telefone isilie, ila ipige makelele, ju anafanya kazi karibu na masini ya kusaga. Mwingine anaomba kifungo ya kutukana shofere. Kifungo moja tu, alisema, hataifinya kila siku.

Mangaribi tunaketi ku meza, mimi nasoma, Abigaëlle anatia alama: inawezekana, haiwezekani, ya Mungu. Matope mimi niliiweka ku ya Mungu. Abigaëlle alikatala, alisema mashofere njo banaonaka matope wa kwanza, tubaombe batume habari ku kila kivuko. Munaona ile kichwa? Mimi njo niliizaa.

Siku ya ine, 16 Januari

Mvua tangu asubuhi, kuran ya taa hakuna. Bantu kumi na tisa baliuliza kama zamu wangu amelala. Niliandika: hajalala, iko nalowana.

Siku ya kwanza, 20 Januari

Muzee Alphonse alikuja yeye mwenyewe ku nyumba. Ni muntu wa kaskazini ya Katanga, baba yake alikuwa wa reli, na anakaa ku kiti wima kama mwenye kungojea gari ya moshi yenye haichelewake. Ombi yake ilikuwa hii: kuko Mbusa moja anakula zamu ya bantu bote. Amehesabu, mu juma moja ile Mbusa alikamata fasi kumi na moja. Programu ikatae. Jina moja, zamu moja.

Sasa mimi ni Munande, kabila ya Butembo. Najua. Kwetu jina ya mutoto inafuata namba yake ya kuzaliwa, basi kila nyumba yenye batoto banaume ba kutosha iko na Mbusa wake. Bwana yangu ni Mbusa, na fundi wa lori yake ni Mbusa pia. Nilifungua kinywa niseme. Lakini muzee alikuwa amekubali chai yangu, na nilitaka aone namna gani tunajibu mbio. Kiisha nilifikiri: Abigaëlle atajua, si ni binti wa Mbusa? Nilisema ombi yake tumeipokea na tutaifanya juma hii hii.

Ili chai isikauke bila maneno, nilimuonyesha picha ya Abigaëlle na kofia ya iniversite, na ya badogo bake batatu, moja kwa moja, tangu ubatizo. Alitazama yote. Alisema, «Bamekomaa,» akasimama, akaacha nusu ya chai. Muntu mukavu.

Siku ya ine, 23 Januari

Abigaëlle amemaliza ile ya Muzee Alphonse. Jina moja, zamu moja. Siku tatu tu.

Siku ya pili, 28 Januari

Goma imeanguka mu vita. Bwana yangu iko na telefone mbili ku masikio mbili, anatafuta ndugu yake wa kule, na yote inasema namba haipatikane. Bantu bananiandikia mu Zamu kuuliza kama malori inaweza kuleta jamaa yao. Sina maneno ya kutuma kwa ile. Niliandika: niambie bako wapi.

Siku ya posho, ya sita ya juma, 1 Februari

Nisamehe maandiko, naandika mbio.

Saa ya kula bukari ya muchana muntu alipiga hodi. Mwanaume wa Ruashi, simujue, na mufuko ku bega. Aliiweka ku meza yangu, akaifungua. Maharagi. Imeota, kila moja na kamukia keupe.

«Mama Abigaëlle, maharagi yangu imeota migulu,» alisema. «Ilichoka kungojea, inataka kwenda Pweto yenyewe.»

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimuuliza jina.

«Mbusa.»

Kaye, pale nilikaa chini.

Aliniambia kwa upole, na ile upole njo iliniumiza. Mifuko yake makumi ine ilikuwa na zamu ya siku ya pili. Alifika ku depo asubuhi mapema, programu ikasema hapana: Mbusa ameisha kupakia. Alirudi siku ya tatu, na ya ine, kila siku telefone inamwambia Mbusa iko na zamu yake tayari. Depo haina fasi ya kuchunga maharagi ya muntu asiye na zamu, ilibaki inje chini ya hema, na mvua ya juma hii munaijua. Na malori sasa si ya kuchagua. Tangu Goma, kila muntu mwenye bintu bya njia ya mashariki anabigeuza huku. Ukipoteza zamu, ingine ni kiisha majuma mbili.

«Ndugu yangu alikimbia vita ya mashariki, alifika juzi na batoto sita,» alisema. «Haya njo tuliitegemea.»

Nilimuuliza ni Mbusa gani alipakia fasi yake. Alinitazama ku macho.

«Simenti, mama. Ya bwana yako. Kule Ruashi banasema binti wa Mbusa alitengeneza masini ya kupakilia Mbusa moja tu.»

Bwana yangu alikuwa mu mulango, alisikia yote. Alienda ku depo yetu, akarudi na mifuko yetu ya maharagi ku kigari, idadi ileile, akamusaidia kufunga. Ba-Mbusa babili banavuta kamba moja.

Kiisha nilienda ku chumba ya Abigaëlle. Aliniuliza, «Mama, ulijua kama bako bengi?»

Nilisema nilijua.

«Na haukusema?»

«Na we? Papa yako ni nani?»

Alizaliwa hapa, mu masomo balimuita jina ya ubatizo tu. Alifikiri kama kuko shida mama atasema. Mimi nilifikiri kama kuko shida mutoto ataona. Na katikati yetu maharagi iliota.

Alitoa ile sheria mbele jua ishuke. Lakini ba-Mbusa wengine tisa bameisha kutuma sauti, na nitabajibu bote, moja kwa moja, na kinywa yangu, si na maneno ya kutuma.

Siku ya kwanza, 3 Februari

Sasa ni mubaya upande ingine. Muzee Alphonse alituma sauti, nyuma yake nasikia fujo ya depo: mupakiaji akiita «Mbusa!», bantu kumi na moja banakimbia, na kila mumoja iko na haki. Alisema, «Mama, Pasaka si mbali.»

Nilipendekeza namba ya telefone. Abigaëlle alisema alifikiri hiyo wa kwanza, lakini bantu ba Goma banabadilisha namba kila juma, na kule Pweto telefone moja inabeba bantu batano.

Siku ya ine, 6 Februari

Nimesikiliza sauti makumi ine na tatu, tangu mwanzo. Nilikuwa natafuta matusi nijue ya kujibu kwanza, kumbe nilisikia kintu ingine. Hakuna hata Mbusa mumoja anasema «niko Mbusa». Wa maharagi anasema, «Jambo mama, ni Papa Gradi.» Fundi anasema, «Ni Papa Plamedi.» Hata Mama Chomba, mwezi yote nasema Mama Chomba, jina yake ya kweli siijue. Bantu banajijua. Ni programu haikubauliza.

Siku ya pili, 11 Februari

Siku tatu za kubishana. Abigaëlle anasema jina ya mutoto si kitambulisho. Nilimwambia kama kitambulisho ni kintu ya kutambulisha muntu, basi mimi niko na miaka makumi mbili na ine ya kutambulishwa na yeye. Akafungua masini. Sasa kuko fasi mpya: Papa wa nani? Mama wa nani? Bila kuijaza hauendelee.

Fikra hiyo ilitoka kwangu. Kalasi ya sita ya primeri. Nimeiambia kwaya yetu yote ya kanisa.

Siku ya kwanza, 17 Februari

Bukavu pia imeanguka. Bantu banavuka ziwa na mashua mupaka Kalemie, na malori yetu inarudi na bantu juu ya samaki. Mashofere hawaulize, banapandisha.

Ku depo, mupakiaji aliita Papa Gradi. Alikuja muntu mumoja.

Siku ya kwanza, 3 Marsi

Muzee Alphonse alituma ombi, ya kuandika, na nukta na mukato kama barua ya serikali: «Ninaomba ile fasi ya mutoto iweze kubaki wazi kwa mwenye kupenda.» Anatafuta makosa, basi. Nilimutumia asante, tumeipokea. Na juu yake niliongeza yangu, ilikuja muzuri mupaka niliisoma mara mbili: Muzee, mutoto njo jina ya muntu. Muntu bila mutoto ni nyumba bila mulango.

Siku ya kwanza, 10 Marsi

Anaomba tena. Maneno ileile. Asante, tunaiangalia.

Siku ya tano, 14 Marsi

Muzee amefungua kaye yake. Yeye mwenyewe iko na malori mbili na haziingize mu Zamu, anaandika na kalamu ya bic, na bafanyabiashara kumi na bane bamemufuata. Banasema kama mukubwa haitumie, kwa nini sisi. Abigaëlle hakula. Nilimuona anatazama ku telefone picha ya nyumba za kupanga, na haikuwa nyumba za hapa.

Nilimukasirikia ule muzee mupaka nikachoma sombe mu sufuria.

Siku ya posho, 22 Marsi

Nilimukuta muke ya Muzee Alphonse kwa muuzisha makala ya kupikia. Tunasalimianaka ku njia tu. Nilisema, «Jambo, Mama...» na nikakwama. Miezi mbili namuandikia bwana yake, na sijue ni mama wa nani. Basi niliuliza.

«Mama Alphonse,» alisema.

Nilicheka, nikasema hapana, ya batoto.

«Alphonse tu,» alisema. Jina yake mwenyewe ni Delphine. Alikuwa anachagua makala moja moja na vidole, hakunitazama. «Alifungua programu yenu siku tatu, mama. Anafika ku ile fasi, anafunga. Siku ya ine aliandika jina ya mutoto wa ndugu yake, kiisha akafuta. Alisema hataiba mutoto wa muntu ju ya zamu ya lori.»

Sikumbuke namna gani nilifika ku nyumba. Makala niliiacha kule.

Nimesoma kila kintu nilimutumia. Nyumba bila mulango. Nimesoma hiyo mara nyingi kupita siku niliipenda. Na zile picha, tangu ubatizo, moja kwa moja, na yeye ananyamaza na kikombe mu mukono. Nilimuita mukavu mu hii kaye, maandiko yangu iko pale juu, sitaifuta. Mimi najivunia batoto, ni kweli, Mungu alinipa na kinywa ya kubasema. Sikujua kama kinywa inaweza kukanyaga muntu miezi mbili bila kujua.

Natembea tu kutoka mulango mupaka dirisha. Bwana yangu aliniuliza natafuta nini.

Siku ya kwanza, 24 Marsi

Nilienda ku depo bila picha, bila mukate, na mikono mitupu. Muzee Alphonse alikuwa ku meza yake, kaye wazi mbele yake. Nilisema nimekuja kuomba samahani ju ya maneno ya tarehe tatu. Nilisema sikujua, na kama ningejua ningesema vilevile maneno mengi, ju njo vile niko, lakini si yale.

Alifunika bic yake. Alisema kwa miaka makumi tatu bantu banamuita Chef, ni kusema mukubwa, na ilitosha, ju hakuna muntu anamuuliza Chef alizaa nani. «Kaye hii ni ya zamani,» alisema, «lakini haikuniuliza kintu.»

Mvua ilianza ku bati, tulingojea ipunguze. Mimi, kungojea bila kusema, kaye, unajua. Lakini nilingojea. Kiisha niliuliza ile tu nilipashwa kuuliza tangu mwanzo.

«Muzee, kwenu ku nyumba, ku kartie kwa majirani, banakuita nani?»

Alisukuma kaye pembeni.

«Kwa mama ya muke yangu balikuwa bananicheka,» alisema. «Mukwe mwenye kufuata muke wake tangu kisima mupaka soko. Balikuwa bananiita Bwana ya Delphine.» Alisugua pua. «Njo jina sikuchukiaka.»

Siku ya pili, 25 Marsi

Abigaëlle aligeuza programu mbele bukari iive. Alitoa Papa wa nani, akatoa Mama wa nani. Sasa inauliza: Banakuita nani? Maneno mbili. Nilimwambia iniversite yote ile ju ya maneno mbili, akanirushia kitambaa. Ni mara ya kwanza anacheka tangu Februari.

Siku ya tano, 28 Marsi

Majibu inaingia. Papa Gradi alibaki Papa Gradi. Mumoja aliandika Mbusa wa Breki. Mama Chomba alituma sauti kama sasa aitwe Mama Samaki Yote, na kama iko na ombi ingine. Muntu mumoja aliyefika kutoka Goma aliandika: Niko Muzima. Abigaëlle aliuliza kama hiyo ni jina. Nilisema iache.

Siku ya tatu, 2 Aprili

Mupakiaji wa depo ni kijana wa sauti kubwa. Leo alisoma ku telefone, akasoma tena, kiisha akaita mbele ya bantu bote: «Bwana ya Delphine!» Depo nzima ilicheka, mashofere balipiga milango ya malori na mikono. Muzee Alphonse alitoka mu biro yake ya kazi na kofia yake, akavuka matope polepole, akaonyesha lori yake na kidole. Mushofere mumoja alimuuliza kama Delphine alimupa ruhusa. Alijibu, «Alinipa mupaka saa kumi.»

Pale pale balicheka naye, si juu yake. Nilikuwa nimesimama ku geti. Sikusema kintu. Andika hiyo, kaye, ju hautaiona tena.

Siku ya posho, 5 Aprili

Delphine alipita ku nyumba na mufuko ya makala, ile niliacha. Alisema tangu juzi bamama ba soko banamusalimia mbele hajabasalimia. Tulikaa mupaka chai ikaisha. Hakuacha hata tone.

Siku ya pili, 22 Aprili

Abigaëlle haendi Kinshasa.

Shirika ilikaa leo, siku mbili kiisha Pasaka. Bantu balisimama kulalamika, na malalamiko iko: Zamu inachelewa mvua ikinyesha, haijue daraja ikivunjika, kifungo ya kutukana bado haijaingia. Muzee Alphonse aliacha bamalize. Kiisha alisema ameita majina ku ile depo kutoka wakati mashofere balikuwa na nywele, na mbele ya Zamu hakuona siku muntu mumoja aliitwa na akaja muntu mumoja. Alisema ibaki, na itoke Pweto iende njia zote. Balinyoosha mikono. Ba-Mbusa balinyoosha bote, nilihesabu.

Mashariki habari si muzuri. Ndugu ya bwana yangu bado hatujamusikia. Batoto sita ba Ruashi bameanza masomo mu kalasi yenye batoto makumi tisa. Sijui mwaka hii itatuacha wapi. Lakini njaa ya kukaa pamoja iko, na maharagi iko, na Mama Samaki Yote anasema lori yake inashuka juma hii, matope ao hapana.

Basi ile telefone ya kujibu, leo niliandika wa kwanza bila kuulizwa. Nimetuma kwa bote, jina kwa jina, na hii njo nilitia:

Papa Gradi, Papa Plamedi, Mbusa wa Breki, Mama Samaki Yote, Niko Muzima, Delphine na bwana yake, na weye mwenye kusoma. Maombi yenu nimeisoma. Ingine imefanyika, ingine bado, ya kubaki muilete na kinywa. Siku ya Mungu, tarehe 27 Aprili, kiisha misa ya pili, ku nyumba ya Mama Abigaëlle, Bel-Air. Hapa hakuna zamu, mukuje bote pamoja.